Kupanga Safari ya Baiskeli ya Siku Kadhaa Kuvuka Milima ya Alpi

Anayepanga safari ya baiskeli katika Alpi kwa kuhesabu kilomita peke yake ataiona ratiba yake ikivurugika siku ya pili, kwa sababu kazi ya milima ile hupimwa kwa mita za kupanda. Kilomita 80 kando ya mto bondeni humalizika kwa nusu siku bila taabu kubwa, lakini kilomita hizo hizo zikiwa na mita 2,000 za kupanda humaliza siku nzima pamoja na nguvu za mwendeshaji. Kwa mtu mwenye afya nzuri aliyefanya mazoezi kwa miezi michache, na ambaye amebeba kilo 10 hivi za mizigo, ni busara kukadiria mita 400 za kupanda kwa saa na kutovuka mita 1,500 kwa siku. Siku mbili za mwanzo ziwe nyepesi zaidi, kwani ndizo ambazo msafiri huwa na hamu nyingi kuliko miguu.

Kuhusu njia, ipo ile maarufu ya Ufaransa iitwayo Route des Grandes Alpes, inayotoka Thonon-les-Bains kwenye Ziwa la Geneva hadi Nice kwenye Bahari ya Mediterania. Ina urefu wa kilomita 700 hivi na zaidi ya mita 15,000 za kupanda, na hupita Col de l'Iseran yenye kimo cha mita 2,764, ambako ni juu kuliko kipito kingine chochote cha lami katika Alpi. (Kwa kipito nina maana ya mahali palipoinama kati ya vilele, ambapo barabara huvukia kutoka bonde moja kwenda jingine.) Ni njia nzuri sana, lakini simshauri mtu aianze nayo. Anayekwenda kwa mara ya kwanza atafaidi zaidi njia ya Alpe Adria, inayotoka Salzburg nchini Austria hadi Grado nchini Italia kwa kilomita 400 hivi, ambamo ukuta mkubwa wa mlima huvukwa kwa treni inayobeba baiskeli ndani ya handaki kati ya Böckstein na Mallnitz. Kabla ya kuitegemea treni hiyo ni lazima kuthibitisha kwamba inafanya kazi, kwa kuwa handaki hilo lilifungwa kwa matengenezo kuanzia Novemba 2024 hadi Julai 2025. Nyingine ni Via Claudia Augusta, inayofuata barabara ya kale ya Warumi kutoka Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na kuvukia kipito cha Reschen, kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, ambapo mnara wa kanisa la kijiji kilichozamishwa mwaka 1950 bado umesimama katikati ya maji. Katika miinuko yake mikali yapo mabasi yanayopandisha baiskeli wakati wa msimu, na sioni aibu yoyote katika kuyapanda.

Ukishachagua njia, usiigawe kwa vipande vilivyo sawa. Anza na vipito, kisha rudi nyuma ukitafuta mahali pa kulala panapokuwezesha kufika juu kabla ya saa sita mchana, maana katika majira ya joto mawingu ya radi hujijenga juu ya milima kuanzia mchana, na kipito kisicho na mti wala nyumba si mahali pa kukutwa na radi. Chukua mfano wa Iseran. Kutoka Bourg-Saint-Maurice hadi juu ni kilomita 48 hivi na karibu mita 1,950 za kupanda, kazi ambayo kwa mwenye mizigo ni siku nzima na hufikia tamati katika saa mbaya kabisa. Lakini ukilala Val-d'Isère, kwenye kimo cha mita 1,850 hivi, asubuhi hubaki kilomita 16 na mita 900 tu. Ukiondoka saa moja asubuhi, unafika juu kabla ya saa nne, na siku iliyobaki ni ya kuteremka kupitia Bonneval-sur-Arc. Kipito cha Galibier, kwenye njia hiyo hiyo ya Ufaransa, hufuata hesabu ile ile: badala ya kulala bondeni Saint-Michel-de-Maurienne, panda jioni hadi Valloire kupitia Col du Télégraphe, ili asubuhi ubakiwe na kilomita 18 hivi hadi mita 2,642.

Vipito vya juu hufungwa na theluji kuanzia Oktoba au Novemba hadi mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni, na tarehe za kufunguliwa hubadilika kila mwaka. Kwa hiyo dirisha la uhakika ni Julai hadi katikati ya Septemba, na kwa maoni yangu wiki mbili za mwanzo wa Septemba ndizo bora, kwa kuwa magari hupungua na vyumba hupatikana. Katikati ya Agosti, hasa upande wa Italia ambako tarehe 15 ni sikukuu kubwa, usitoke bila kuhifadhi malazi.

Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo bonde lenye nyuzi 28 huweza kuwa na kipito chenye nyuzi 15 kabla hata ya kuhesabu upepo. Baridi halisi haiji wakati wa kupanda. Huja wakati wa kuteremka, mwili ukiwa umelowa jasho na miguu haifanyi kazi. Glavu za vidole kamili, koti la mvua na fulana kavu ya kubadilisha kipitoni si anasa hata mwezi wa Agosti, na mifuko ya kufunga kwenye fremu ipangwe ili vitu hivyo vitatu viwe juu.

Katika baiskeli yenyewe, mambo mawili hayana mjadala. La kwanza ni gia nyepesi: gurudumu la meno la nyuma lenye idadi kubwa kuliko la mbele, kwa mfano 30 mbele na 42 nyuma. La pili ni breki. Badilisha pedi kabla ya safari, beba jozi ya akiba, na jifunze kufunga breki kwa nguvu kabla ya kona kisha kuziachia, badala ya kuzikandamiza kidogo kidogo mteremko mzima, jambo linalozichemsha. Taa za mbele na nyuma ziwepo kwa ajili ya mahandaki. Italia hutaka pia fulana ya kuakisi mwanga ndani yake.

Wanaofikiria kulala porini wasome sheria kwanza. Nchini Austria kupiga kambi msituni bila ruhusa ya mwenye msitu ni kosa. Katika hifadhi za Écrins na Mercantour nchini Ufaransa hema dogo huruhusiwa usiku, lakini ni kwa walio umbali wa saa nzima kwa miguu kutoka barabarani au mpakani mwa hifadhi, kwa hiyo mwendesha baiskeli hafaidiki nayo. Viwanja vya kambi vya vijiji hutosha.

Anayehitaji visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, huingia nayo Uswisi pia, na bima ya matibabu inayodaiwa ni ya angalau euro 30,000. Hata hivyo Uswisi hutumia faranga, na vifurushi vya simu vya Umoja wa Ulaya mara nyingi haviifikii. Jumapili maduka mengi ya Uswisi na Austria hufungwa, kwa hiyo chakula cha siku mbili hununuliwa Jumamosi. Namba ya dharura ni 112; pasipo na mtandao, ishara ya kuomba msaada milimani ni mwanga au sauti mara sita kwa dakika, kimya cha dakika moja, kisha kurudia.

Mwisho ni treni ya kurudi. Nafasi za baiskeli katika treni za kasi za Ufaransa ni chache na huhitaji kuhifadhiwa, hivyo nunua ya kwako kabla ya kulipia chumba chochote, na uiweke siku moja baada ya siku unayotarajia kufika.