SOMO: Jinsi ya kuchagua kizibo cha chupa ya mvinyo (kwa wasindikaji wadogo wa Dodoma)

Wakuu, salaam.

Kila msimu wa zabibu ukipita napokea swali lile lile: "Niweke kizibo cha gome au kifuniko cha kuzungusha?" Nikimjibu huyu leo, kesho anakuja mwenzake. Nimeona niandike yote sehemu moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hapa.

Nawalenga wanaokamua zabibu za Makutupora, Chenin Blanc au Syrah na kujaza chupa za mililita 750. Msimamo wangu ni huu: anza na mvinyo wenyewe, utanywewa lini na utasafiri vipi, ndipo uje kwa mteja na anachopenda kukiona. Wengi wetu tunaanza na muonekano, kisha mvinyo unabaki kubeba gharama.

Hatua ya 1: Jua utakaa muda gani. Mvinyo mwingi wa kwetu, hasa mweupe, unanywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili. Huo hauhitaji kizibo cha kuuzeesha, unahitaji kizibo cha kuulinda.

Hatua ya 2: Zijue aina.

Gome asilia linatoka kwenye mwaloni maalumu, na Ureno ndiyo inayoongoza kulizalisha. Mti unachunwa kila baada ya miaka 9, na gome linalofaa vizibo vya mvinyo linaanza kupatikana kwenye mchuno wa tatu, mti ukiwa na miaka 40 na zaidi. Bei yake inaanzia hapo. Linapitisha hewa kidogo sana, ndiyo maana mvinyo mwekundu mzito unakomaa vizuri chini yake. Ubaya wake ni TCA, kemikali inayofanya mvinyo unuke karatasi iliyolowa na kuua harufu ya tunda. Nanogramu chache tu kwenye lita moja zinatosha kuharibu chupa, na kwa macho huoni kitu.

Gome la kusagwa na kugandishwa ni nafuu zaidi. Yapo yanayosafishwa kwa kabonidayoksaidi yenye mgandamizo mkubwa ili kuondoa TCA, mfano chapa ya DIAM. Mimi nayapenda kwa sababu kizibo cha kwanza na cha mwisho kwenye mfuko vinafanana.

Plastiki: haina shida ya TCA, lakini nyingi zinapitisha hewa zaidi. Ni kwa mvinyo wa kunywewa mapema tu.

Kifuniko cha kuzungusha ni alumini yenye bitana ndani, na siri yote iko kwenye bitana hiyo. Yenye bati inabana karibu kabisa, isiyo na bati inaachia hewa kidogo. Muuzaji asipoweza kukwambia ni ipi, usinunue.

Vizibo vya kioo vinapendeza, lakini ni ghali na vinataka chupa yake maalumu.

Hatua ya 3: Chupa kwanza, kizibo baadaye. Kifuniko cha kuzungusha kinataka chupa yenye nyuzi za skrubu shingoni na mashine ya kukikaza. Kizibo cha gome kinataka shingo ya ndani ya milimita 18.5 mdomoni, nacho kina upana wa milimita 24 kabla ya kubanwa. Wanaokusanya chupa zilizotumika kutoka hotelini wapime kila chupa kwa vernia (kifaa cha kupima upana kwa milimita), maana shingo hazilingani.

Hatua ya 4: Nafasi ya hewa kati ya mvinyo na kizibo. Someni hapa taratibu, kwa sababu ndipo mizigo ya watu inapoharibikia.

Mvinyo ukipata joto unavimba. Kwenye shingo ya milimita 18.5, nafasi yenye kina cha milimita 15 ni mililita 4 tu. Chupa ya mililita 750 iliyojazwa ikiwa nyuzi joto 20 na ikafika nyuzi joto 40 inavimba zaidi ya hizo mililita 4. Hewa iliyokuwemo inagandamizwa, na kinachobaki kusogea ni kizibo. Nimefungua katoni iliyorudishwa kutoka Dar: vizibo vimechomoza, plastiki ya shingoni imetuna, na chini yake kuna mstari wa mvinyo uliokauka unaonata vidoleni. Ukinusa, siki imeshaanza. Mteja aliyeshika chupa ile hakulaumu joto la lori, alilaumu mvinyo wa Dodoma.

Kwa hiyo zingatia:

- Acha milimita 15 hadi 20 chini ya kizibo cha gome, mvinyo ukiwa nyuzi 20. Ukijaza ukiwa wa baridi kutoka kwenye tangi, ongeza nafasi.
- Kifuniko cha kuzungusha kinataka nafasi kubwa zaidi. Fuata mchoro wa mtengenezaji wa chupa, usikisie.
- Nafasi kubwa maana yake oksijeni nyingi. Puliza kabonidayoksaidi au naitrojeni shingoni kabla ya kufunga.
- Safirisha usiku. Usikubali katoni zako zikae juu kabisa chini ya turubai.
- Mvinyo mtamu ambao haujachujwa vizuri unaweza kuchachuka upya ndani ya chupa. Hapo utasukuma kizibo hata bila joto, na chupa inaweza kupasuka. Usifunge kwa kizibo chochote mpaka umehakikisha hamira haipo.

Hatua ya 5: Pima salfa huru (dioksidi ya salfa inayoulinda mvinyo) siku ya kujaza. Zabibu za maeneo ya joto zina pH ya juu (yaani tindikali hafifu), na pH ikipanda salfa inapungua nguvu.

Hatua ya 6: Ukishaziba kwa gome, simamisha chupa saa 24, kisha zilaze. Za kuzungusha zinaweza kubaki zimesimama.

Hatua ya 7: Sasa njoo kwa mteja. Ni kweli kwamba wengi wetu tukiona kifuniko cha kuzungusha tunafikiria pombe kali ya bei rahisi. Mlio wa kizibo cha gome unamwambia mgeni kwamba ameheshimiwa, na mwenye mgahawa anaujua uzito wa mlio huo. Siudharau. Zawadi ni zawadi.

Ila twende nyumbani kwa mteja. Nyumba nyingi hazina kizibuo. Nimeona kizibo kizuri cha gome kikisukumwa ndani kwa mpini wa kijiko, vumbi lake likaelea kwenye glasi za wageni. Na mvinyo uliobaki ukafunikwa kwa kipande cha gazeti.

Wenzetu walishapita kwenye swali hili. Mwaka 2000 kundi la wazalishaji wa Riesling (mvinyo mweupe) wa bonde la Clare, Australia, walikubaliana kuhamia kwenye kifuniko cha kuzungusha kwa pamoja, ili asibaki mmoja peke yake kuonekana ameshusha hadhi. Mwaka 2001 wazalishaji wa New Zealand nao wakaunda umoja wao. Leo zaidi ya asilimia 90 ya mvinyo wa New Zealand unafungwa hivyo. Hapa kwetu, angalia rafu ya supamaketi uone mivinyo mingapi ya Afrika Kusini ina kifuniko cha kuzungusha, na watu wananunua.

Ushauri wangu: mweupe na rozi (mvinyo wa rangi ya waridi), kifuniko cha kuzungusha. Mwekundu wa zawadi na wa hotelini, gome zuri au gome la kugandishwa. Kwenye lebo ya nyuma andika mstari mmoja: "Kifuniko hiki kinalinda harufu ya zabibu." Na mhudumu wa hoteli afundishwe kufungua kwa heshima: ashike pete ya chini, azungushe chupa, aweke kifuniko mezani mbele ya mgeni.

Maswali karibuni.

---

Kijana wa Kizota: Mkuu maelezo marefu sana. Kwa kifupi kipi bora?

Jibu: Hatua ya 1 na ya 7. Soma, kisha uniambie mvinyo wako ni upi.

Mama Shamba: Ahsante sana mwalimu. Mimi huchemsha vizibo vya gome dakika kumi kabla ya kuziba ili kuua wadudu. Niendelee?

Jibu: Hapana mama, acha leo. Vizibo vinakuja vimeshasafishwa, vimefungwa kwenye mfuko wenye salfa, na vimepakwa mafuta maalumu ili viteleze na kubana vizuri. Ukichemsha unaondoa yote hayo. Fungua mfuko siku ya kazi, tumia, na vilivyobaki funga tena vizuri mahali pakavu.

Mama Shamba: Lakini mzee wangu alichemsha miaka yote na hakuna aliyelalamika.

Jibu: Mzee alikuwa na vizibo vya namna nyingine, na mvinyo wake ulinyweka pale pale kijijini. Wako unakwenda Dar na kukaa rafuni miezi. Naomba mama uache kuchemsha.

Fundi Tangi: Nilifunga Chenin kwa kifuniko cha kuzungusha chenye bitana ya bati. Baada ya miezi mitatu nikifungua inanuka kama yai viza, halafu ikikaa kwenye glasi harufu inapungua. Kifuniko kimeharibu?

Jibu: Swali zuri sana, ahsante kwa kueleza na bitana. Kifuniko hakikuleta harufu hiyo, kimezuia tu isitoke. Ni misombo ya salfa iliyozaliwa tangu uchachushaji, mara nyingi hamira ikikosa naitrojeni ya kutosha. Ungeziba kwa gome, hewa kidogo ingeificha. Jaribu hivi: mimina glasi mbili, moja tia kipande kisafi cha waya wa shaba, koroga, nusa zote mbili. Ile yenye shaba ikisafika, tatizo ni hilo. Usiinywe glasi ya jaribio, imwage. Msimu ujao lisha hamira vizuri, hewesha kidogo wakati wa kuhamisha mvinyo mapema, na nusa kila tangi kabla ya kujaza. Ukiona inarudi, tumia bitana isiyo na bati.

Fundi Tangi: Nimejaribu na waya wa umeme niliouchuna. Glasi ya shaba imesafika kabisa.

Jibu: Basi umeshapata jibu. Andika kwenye daftari la tangi hilo hamira uliyotumia na joto la uchachushaji.

Karani wa Parokia: Sisi tunanunua divai ya altare. Chupa ikifunguliwa inatumika siku kadhaa kwenye misa za asubuhi. Kizibo gani kinatufaa?

Jibu: Cha kuzungusha, bila kusita. Mnafunga tena na kuweka kwenye friji. Kilimo cha zabibu Dodoma chenyewe kilikuzwa na wamisionari kwa ajili ya divai, kwa hiyo mnastahili divai isiyogeuka siki Jumatano. Kama ni divai tamu iliyoongezwa kileo, kizibo kifupi chenye kichwa, kinachochomolewa kwa mkono, nacho kinafaa.

MC wa Sherehe: Mkuu, kwenye harusi watu wanataka kufungua shampeni, kizibo kiruke. Nikitia gesi kwenye chupa ya kawaida nikaziba kwa gome na waya, si itaruka tu?

Jibu: USIFANYE. Shampeni ina mgandamizo wa takribani anga 5 hadi 6, yaani mara 5 hadi 6 ya mgandamizo wa hewa ya kawaida. Chupa yake ni nene na nzito, na kizibo chake kinaanza kikiwa kipana kuliko cha kawaida. Chupa ya mvinyo tulivu (usio na gesi) ikipasuka ukumbini, vioo vinaingia machoni mwa maharusi. Nunua iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Mdau wa Hombolo: Unapigia debe vifuniko vya kuzungusha. Unaviuza?

Jibu: Siuzi vizibo vya aina yoyote. Hatua ya 7 nimeandika mwekundu wa zawadi uwekewe gome. Soma tena.

Dada Maabara: Hiyo TCA inatoka kwenye gome tu? Nimesikia hata ghala linaweza kuileta.

Jibu: Umesikia sawa, na nashukuru umeuliza. Klorini ikikutana na mbao au katoni zenye ukungu, TCA inaweza kuzaliwa humo humo ghalani na kuingia kwenye vizibo, mipira ya kuhamishia mvinyo, hata tangi. Kwa hiyo jiki isiingie kwenye chumba cha mvinyo, hata ya kudekia. Safisha kwa maji ya moto na soda ya kusafishia, ua vijidudu kwa salfa yenye tindikali ya sitriki, fungua madirisha. Mbao za kupangia chupa zenye ukungu zitoe nje.

Na vizibo vipya vijaribu: chukua kumi kutoka kila mfuko, kila kimoja kwenye kikombe chake cha maji safi, funika mpaka asubuhi, nusa. Kinachonuka gazeti lililolowa, mfuko mzima rudisha.

Mama Shamba: Nimepima chupa zangu za hotelini kama ulivyosema. Nyingine 18.5, nyingine zinakaribia 20. Zile pana nizitupe?

Jibu: Hongera mama kwa kupima. Usizitupe, lakini usizizibe kwa kizibo cha milimita 24 na kuzisafirisha, hakitabana vya kutosha. Zitenge, zitumie kwa kuonjesha wageni shambani siku hiyo hiyo. Za 18.5 ziendelee na kazi, na vizibo usichemshe.