Leseni ipi kwa kijenzi cha programu unachotaka wengine wakitumie?

Msimbo uliowekwa mtandaoni bila leseni haumpi mtu ruhusa ya kuutumia. Hapa Uganda, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 2006 inalinda programu za kompyuta hata zisiposajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya serikali. Basi chagua leseni kabla ya kupakia.

1. Hakikisha msimbo ni wako. Ulioandikwa kazini ni wa mwajiri, mkataba usiposema vingine. Omba ruhusa ya maandishi.

2. Orodhesha maktaba (misimbo ya wengine) unazotegemea na leseni zake. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukiunganisha maktaba ya GPL (leseni inayodai msimbo ubaki wazi), programu nzima unayosambaza hulazimika kufuata GPL. Leseni ya Apache 2.0 huchanganyika na GPL 3, ila si na GPL 2 pekee, kwa sababu ya vifungu vyake vya hataza (haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake). Kwenye maktaba ya GPL 2, tafuta maneno "au toleo lolote la baadaye". Yakiwepo, unaweza kuhamia GPL 3.

3. Amua unadai nini kwa mtumiaji. Hudai kitu isipokuwa jina lako libaki? MIT au Apache 2.0. Kwa kijenzi kitakachoingia kwenye bidhaa za kampuni, Apache ni salama zaidi: inatoa haki ya hataza waziwazi, MIT haitaji hataza kabisa. Unataka marekebisho ya faili zako yabaki wazi, huku msimbo wa mwenzako ukibaki wake? MPL 2.0. Ukihofia watakaokigeuza huduma ya mtandaoni bila kusambaza chochote, GPL haiwafikii; AGPL huwafikia.

4. Weka faili la LICENSE lenye matini kamili, na juu ya kila faili mstari wa kutaja leseni, mfano ukichagua Apache: SPDX-License-Identifier: Apache-2.0

Maswali

*Mwanachama, Mbale:* Ndugu, LGPL je?
*Jibu:* Hiyo ni GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba. Inafaa maktaba ikiunganishwa wakati programu inaendeshwa. Ukiijengea ndani ya faili moja, ni lazima umwezeshe mtumiaji kuiunganisha upya na toleo alilorekebisha, mfano kwa kumpa faili za objekti (vipande vya programu kabla ya kuunganishwa). Wengi husahau hilo. MPL haina mzigo huo.

*Mwanachama, Gulu:* Nilishatoa kwa MIT. Naweza kubadili?
*Jibu:* Matoleo mapya, ndiyo. Aliyepata la zamani anabaki na haki zake za MIT. Michango ya wengine iache na tangazo lake la hakimiliki.

*Mwanachama, Kampala:* DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, ina leseni ya BSD. Tunaweza kuuza nyongeza yetu juu yake?
*Jibu:* Mnaweza, hata msimbo wenu ukiwa umefungwa. Mkisambaza DHIS2 pamoja nayo, tangazo lake la hakimiliki liende nayo, na msitumie jina la waandishi wake kuinadi nyongeza bila idhini yao.