Kuweka nafasi ya chumba cha mazoezi na kutumia akili mnemba katika utafiti wa muziki: mwongozo kwa mwanafunzi wa chuo kikuu

Hivi karibuni nilikaa na mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekuwa akijiandaa kwa onyesho la muhula, huku akiandika insha ya utafiti kuhusu kipande kilekile alichokuwa akikifanyia mazoezi. Alikuwa amenyang'anywa nafasi mbili za chumba kwa kuchelewa, na katika insha yake mlikuwa na marejeleo matatu ambayo hayapo popote. Niliyomweleza siku ile nayaandika hapa kwa mpangilio tuliofuata.

Hatua ya 1: Soma kanuni za kozi

Chuo huwa na kanuni za jumla kuhusu akili mnemba, lakini kinachokufunga wewe ni maelezo ya kozi na ya kazi uliyopewa. Muhadhiri mmoja huruhusu programu isahihishe tahajia, na mwingine haruhusu hata hilo. Kanuni zikiwa kimya, muulize muhadhiri kwa barua pepe wala si kwa mdomo ukumbini, ili jibu lake libaki mahali unapoweza kulionyesha.

Hatua ya 2: Weka nafasi ya chumba

Weka nafasi mara tu ratiba inapofunguliwa. Napendelea vipindi viwili vya dakika 50 kuliko kimoja cha saa tatu, na sababu yangu ya kwanza ni masikio. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hupungua kwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, desibeli 91 ni saa 2. Katika chumba kidogo chenye kuta ngumu, tarumbeta huvuka viwango hivyo kwa urahisi.

Chumba chenye piano mwachie mpiga piano au mwimbaji mwenye msindikizaji. Fahamu pia ni baada ya dakika ngapi mfumo unamgawia mtu mwingine chumba usipotokea, na ukijua hutakwenda, futa nafasi mapema.

Hatua ya 3: Andika swali lako kabla ya kufungua programu

Nusu ukurasa kwa kalamu unatosha: ninataka kujua nini, na ninajua nini tayari.

Hatua ya 4: Kagua kila rejeleo kwa mkono wako

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hatua hii iliwahi kunigharimu usiku mzima pamoja na asubuhi ya mkutubi asiye na kosa.

Programu hizi huunda sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata. Rejeleo la kitaaluma lina umbo lisilobadilika, yaani jina la mwandishi, mwaka, kichwa cha makala, jarida, juzuu na kurasa, kwa hiyo ni rahisi kwa programu kutunga rejeleo ambalo kila kipande chake ni cha kweli lakini lenyewe kwa ujumla halipo. Nilipoandika tasnifu yangu programu ilinipa orodha ya marejeleo 14, na matano kati yake yalikuwa ya namna hiyo. Waandishi walikuwa watu halisi na majarida yalikuwa halisi, ndiyo maana niliamini kwamba upungufu ulikuwa wa maktaba. Nilikesha nikitafuta, kisha asubuhi nikamwomba mkutubi anisaidie, naye akatafuta hadi karibu adhuhuri. Tuligundua ukweli tulipofungua yaliyomo ya juzuu lililotajwa na kukuta kwamba kurasa zile zilikuwa za makala nyingine kabisa.

Usiiulize programu yenyewe kama rejeleo lake ni la kweli. Mwaka 2023, katika mahakama moja ya New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hati iliyotaja kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Mmoja wao alikuwa ameiuliza programu hiyo kama kesi ni halisi, nayo ikamhakikishia kwamba ni halisi.

Fanya hivi. Chukua namba ya DOI ya makala, yaani namba ya kudumu ya utambulisho wake mtandaoni, ambayo daima huanza na 10 na nukta, uiandike baada ya anwani ya https://doi.org/, kisha ufungue. Isipofunguka, shuku rejeleo hilo. Ikifunguka, usifurahi bado: soma kichwa na jina la mwandishi, kwa kuwa namba iliyobuniwa inaweza kuangukia makala ya mtu mwingine. Kukosa DOI nako si ushahidi kwamba rejeleo limebuniwa, maana vitabu vingi, tasnifu na makala za majarida madogo hazina namba hiyo. Kwa hizo, tafuta katika katalogi ya maktaba, kisha fungua yaliyomo ya juzuu na mwaka uliotajwa.

Zipo tahadhari nyingine mbili. Kulikuta rejeleo katika orodha ya insha ya mtu mwingine mtandaoni hakuthibitishi kitu, kwa sababu huenda naye alilipata kwa programu. Pia, makala kuwepo si sawa na makala kusema unachodai inasema. Fungua ukurasa wenyewe, soma aya nzima, na kama huwezi kuipata makala, usiitaje.

Mimi hutunza marejeleo kwa Zotero, ambayo ni ya bure na hutoa onyo endapo makala uliyohifadhi imeondolewa rasmi na jarida. Kuiachia akili mnemba ikupangie orodha ya marejeleo ni jambo ninalolipinga kabisa, hata pale inaporuhusiwa, kwa kuwa inaweza kubadilisha mwaka au ukurasa nawe usione.

Katika muziki ongeza ukaguzi wa mtunzi. Ile Minuet ya G meja iliyomo katika daftari la Anna Magdalena Bach la mwaka 1725 ilihesabiwa kwa muda mrefu kuwa ya Johann Sebastian Bach, ilhali mtunzi wake ni Christian Petzold. Maandishi mengi bado yanamtaja Bach, na programu iliyofunzwa kwa maandishi hayo inaweza kuyarudia bila kusita. Kwa maswali ya namna hii ninakwenda kwenye katalogi ya RISM, mradi wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1952 kuorodhesha vyanzo vya muziki, ambayo hutafutwa mtandaoni bila malipo.

Hatua ya 5: Usipakie sauti za wenzako

Ukirekodi mazoezi chumbani, sauti ya msindikizaji wako ni yake. Usiipakie kwenye programu yoyote ya kuchambua au kuandika nota bila ridhaa yake ya maandishi, na mahojiano ya utafiti yachukulie vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Andika tamko

Programu haiwekwi kuwa mwandishi mwenza. Kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, COPE, ilieleza mwaka 2023 kwamba chombo kisichoweza kuwajibika kwa kazi hakiwezi kuwa mwandishi wake. Badala yake, weka tamko linalotaja chombo, tarehe na kazi kilichofanya. Mwanafunzi niliyemsaidia aliandika hivi: "Nilitumia programu ya akili mnemba kupata maneno ya kutafutia katika hifadhidata na kusahihisha tahajia ya sura ya pili. Marejeleo yote nimeyafungua na kuyasoma mwenyewe."

Sentensi ile ya mwisho aliiandika baada ya kuyaondoa yale matatu na kuyafungua mengine moja baada ya jingine. Maswali yote uliyoiuliza programu, pamoja na majibu yake, yahifadhi katika faili moja lenye tarehe, na usilifute mpaka matokeo yako yatakapoidhinishwa rasmi.