Kabla Hujaunganisha Kompyuta Mbili kwa Waya Mmoja

Dada yangu aliponunua laptopu mpya, ya zamani ilikuwa imebeba gigabaiti 180 za picha, video za harusi na kazi zake za miaka minane. Kuzipandisha mtandaoni halafu kuzishusha tena kungemaliza bando la miezi. Flashi aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo, tena imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili ambao haupokei faili moja inayozidi gigabaiti 4, na video ya harusi ilizidi hapo. Nikamwambia tutatumia waya: kebo moja, kichwa kimoja huku na kingine kule, nusu saa tumemaliza. Tulimaliza usiku.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika vibaya siku ile. Tulichokosa ni maandalizi, na yote ningeyafanya asubuhi kabla ya kuchomeka chochote. Ndiyo maana nayaandika hapa kwa mpangilio ninaoufuata sasa, kuanzia kwenye waya kwenda juu. Mpangilio wenyewe una maana. Ukianza kuhangaika na ruhusa za folda ilhali kebo ina hitilafu, utabadilisha mipangilio kumi iliyokuwa sawa, na baadaye hutakumbuka uligusa nini.

Kwanza fahamu unachokiondoa unapounganisha kompyuta mbili moja kwa moja. Rauta ya nyumbani, hata ile ndogo, hufanya kazi nyingi kimyakimya. Hugawa anwani ya IP, yaani namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, kwa kila kifaa kinachoingia, huonyesha njia ya kwenda intaneti, na huhakikisha vifaa viwili havipewi anwani moja. Ikiwa haipo, kompyuta zako ni kama wageni wawili waliokutana kwenye nyumba isiyo na mwenyeji: hakuna wa kuwatambulisha. Kazi ya mwenyeji inakuwa yako.

Sasa kebo. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo mchana wetu mwingi ulipoteketea. Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyaya nane zilizosokotwa jozi nne. Mawasiliano ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia nyaya nne tu, zile za nafasi ya 1, 2, 3 na 6. Gigabiti moja inazihitaji zote nane. Kwa hiyo kebo yenye uzi mmoja usiogusa, tuseme wa nafasi ya 7, inaweza kuonekana nzima kabisa ukiitumia kwenye kifaa cha zamani, halafu ikakusumbua ukiunganisha laptopu mbili za kisasa. Kadi nyingine za mtandao, yaani vile vifaa vya ndani ya kompyuta vinavyopokea kebo, zitashuka zenyewe hadi megabiti 100, nyingine zitakuwa zinaungana na kuachana kila baada ya sekunde chache.

Kebo yetu ilikatwa kwa mita na kubanwa vichwa dukani na fundi aliyekuwa na wateja wengi. Niliposhika kichwa kimoja na kukimulika kwa tochi ya simu, niliona kupitia ile plastiki angavu uzi wa kahawia ukiwa umeishia milimita mbili kabla ya meno ya shaba. Haukugusa kitu. Ukikagua ya kwako, shika kichwa kiklipu kikiwa chini na waya ukija upande wako, kisha soma rangi kutoka kushoto. Mpangilio unaotumika zaidi, unaoitwa T568B, huanza na nyeupe yenye mstari wa chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia na kahawia. T568A hubadilishana tu jozi ya chungwa na ya kijani. Angalia hasa nafasi ya 3 na ya 6: lazima ziwe za jozi moja, ingawa zimetenganishwa na bluu. Kuna mafundi wanaopanga rangi jozi kwa jozi zikifuatana kwa sababu inapendeza macho. Kebo ya namna hiyo hupita vizuri kwenye kile kipimio chenye taa nane, maana kila uzi umefika upande wa pili, lakini nyaya zinazobeba ishara moja hazikusokotwa pamoja na data huharibika njiani. Kipimio hakitakwambia hilo. Macho yako ndiyo yatakayoliona.

Je, unahitaji kebo ya krosi, ile ambayo upande mmoja ni A na mwingine ni B? Zamani ndiyo, kwa sababu kadi mbili za aina moja zilikuwa zikitumia nyaya zilezile kutuma na nyaya zilezile kupokea. Karibu kadi zote za gigabiti hujigeuza zenyewe, na kebo ya kawaida inatosha. Kama moja ya kompyuta zako ni ya zamani yenye kadi ya megabiti 100, tafuta kebo ya krosi mapema, au azima swichi ndogo, kile kiboksi cha kuunganishia kebo kadhaa, uweke katikati. Kama unaweza, kuwa na kebo ya pili unayojua inafanya kazi. Kubadilisha kebo kwa dakika moja kunajibu swali ambalo ungelizungukia saa mbili.

Laptopu nyingi nyembamba za siku hizi hazina tundu la mtandao, kwa hiyo utahitaji adapta ya USB. Kabla hujainunua soma boksi: zipo za megabiti 100 na zipo za gigabiti, na ya gigabiti itafaidika ukiichomeka kwenye USB 3. Tofauti si ndogo. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo kwa megabiti 100 unapata kama megabaiti 11 kwa sekunde, na gigabaiti 180 za dada zingechukua takriban saa nne na nusu. Kwa gigabiti ni chini kidogo ya nusu saa, kama diski zenyewe zina kasi hiyo. Chomeka adapta siku moja kabla, wakati bado una intaneti, uone kama kompyuta inaitambua. Kama inadai draiva, yaani programu ya kuiendesha, shusha na usakinishe siku hiyohiyo.

Jambo jingine la kufanya mapema ni nywila, na hili watu wengi hulisahau. Ile PIN ya tarakimu nne unayofungulia kompyuta haifanyi kazi ukiingia kutoka kompyuta nyingine. Itahitajika nywila halisi ya akaunti, na kama ni akaunti ya Microsoft, basi ni barua pepe na nywila yake. Akaunti isiyo na nywila kabisa nayo itakataliwa, kwa kuwa Windows haimruhusu mtu kuingia kwa njia ya mtandao na nywila tupu. Dada hakuwa anaikumbuka ya kwake. Miaka yote alikuwa akitumia PIN. Njia nyepesi ni kutengeneza akaunti ya ndani kwenye kompyuta yenye mafaili, kuipa nywila, kuiandika kwenye karatasi, na kuifuta kazi ikiisha.

Tukija kwenye anwani. Ukichomeka kebo bila kupanga chochote, kila kompyuta itaita ikiomba anwani, itasubiri, ikikosa wa kuijibu itajichagulia yenyewe inayoanza na 169.254. Wengi wakiiona namba hiyo huamini kuna ubovu. Hapana, si lazima. Kompyuta zote mbili zikiwa na 169.254 zinaweza kuzungumza vizuri tu. Shida huja pale moja ina 169.254 na nyingine imebaki na anwani ya kudumu iliyowekwa zamani na fundi wa ofisini. Hapo kila moja iko mtaa wake.

Mimi napendelea kuziweka kwa mkono ili nijue ninachotafuta. Andika kwenye karatasi kabla: ya zamani 192.168.50.1, mpya 192.168.50.2, barakoa ya mtandao (subnet mask, inayoonyesha mtaa unaishia wapi) 255.255.255.0 kwa zote mbili. Nimechagua 50 kwa makusudi, kwa kuwa rauta nyingi za nyumbani hutumia 192.168.0 au 192.168.1, na waifai ikiwa imewashwa ukatumia mtaa uleule, kompyuta haitajua ipite wapi. Nafasi ya lango (default gateway), yaani njia ya kutokea kwenda intaneti, iache tupu. Ukiandika kitu hapo, kompyuta inaweza kuanza kupeleka intaneti yake kwenye kebo isiyoenda popote, na ghafla kivinjari kikafa. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows na R, andika ncpa.cpl, na orodha ya kadi zako, ambako ndiko anwani hizi huwekwa, itafunguka. Hapohapo piga picha ya mipangilio iliyokuwepo kabla hujaigusa. Na kama una VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye njia ya siri, izime mpaka kazi iishe.

Baada ya hapo chomeka kebo na utazame taa za kwenye tundu. Kama haziwaki pande zote mbili, usiendelee. Rudi kwenye kebo, kwenye adapta, au angalia kama kadi imezimwa. Zikiwaka, fungua kidirisha cha amri (Command Prompt) kwenye laptopu mpya, andika ping 192.168.50.1, amri ya kuiita kompyuta ya pili uone kama inajibu, na usome jibu kwa makini. Likija jibu la kwamba kituo hakifikiki (Destination host unreachable), tena likitoka kwenye anwani yako mwenyewe, basi kompyuta ya pili haikuonekana kabisa: tatizo ni waya au anwani. Likija jibu la kwamba muda umekwisha (Request timed out), huenda ujumbe umefika salama na umekataliwa mlangoni. Kuthibitisha, andika arp -a, inayoorodhesha kompyuta ambazo yako imeziona kwenye waya. Ukiiona 192.168.50.1 na mbele yake namba ndefu ya kadi yenye herufi na tarakimu, waya ni mzima na anwani ni sahihi. Mimi huipenda amri hiyo fupi kwa sababu inamaliza ubishi wote kuhusu kebo.

Anayekataa mlangoni ni fayawoli, mlinzi wa kompyuta anayechuja mawasiliano yanayoingia. Windows ikiona mtandao usio na rauta huuita usiotambulika na kuuweka kundi la Public, kana kwamba umekaa kwenye mgahawa wenye watu usiowajua, na humo hujificha: haijibu ping wala haionyeshi folda. Kishawishi cha kuzima fayawoli yote ni kikubwa. Usifanye hivyo, hasa kama waifai bado imewashwa. Badala yake fungua PowerShell, kidirisha kingine cha amri cha Windows, kwa mamlaka ya msimamizi, andika Get-NetConnectionProfile uone jina la kadi, halafu Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private, ukiweka jina uliloliona badala ya Ethernet. Fanya kwenye kompyuta zote mbili. Kama kuna antivirusi ya kununua, nayo ina fayawoli yake yenye mipangilio yake, itafute humo.

Kuhusu kushiriki folda nitasema machache. Bofya kulia folda, ishiriki na ile akaunti uliyotengeneza, ipe ruhusa ya kusoma tu, maana huhitaji mtu aandike kwenye kompyuta ya zamani. Usisubiri kompyuta ijitokeze kwenye orodha ya mtandao, kwa sababu orodha ile huchelewa na wakati mwingine haiji kabisa. Andika mwenyewe juu ya dirisha la mafaili: \\192.168.50.1. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayotaja HomeGroup, njia ya zamani ya Windows ya kushiriki mafaili nyumbani, yaache. Iliondolewa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Na mtu akikushauri uwashe toleo la kwanza la SMB, utaratibu ambao Windows hutumia kushiriki mafaili, ili mambo yaende, kataa. Hiyo ndiyo njia iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry mwezi Mei 2017 kusambaa kutoka kompyuta hadi kompyuta.

Umeme nao upangie. Chomeka chaja zote mbili, na uzime mpangilio wa kulala, kwa sababu laptopu ikilala kebo nayo hufa na uhamishaji hukatika. Hakikisha kompyuta inayopokea ina nafasi zaidi ya unachohamisha. Halafu usiburute folda kwa kipanya. Tumia robocopy, amri ya kunakili mafaili iliyomo ndani ya Windows: robocopy \\192.168.50.1\picha D:\picha /E /Z. Umeme ukikatika katikati, nasi ulitukatikia mara moja, rudia amri ileile. Itaruka faili zilizokwisha kufika na kuendelea na zilizobaki. Ikimaliza hutoa jedwali dogo, na safu ya kuangalia ni ya zilizoshindikana (FAILED). Iwe sifuri. Picha ndogondogo elfu nyingi zitakwenda polepole kuliko video moja kubwa ya uzito uleule. Usishtuke, ndivyo ilivyo.

Kisha yapo ya kurudisha, nayo yaandike kwenye karatasi ileile ya anwani: kuondoa ushiriki wa folda, kufuta akaunti ya muda, na kurudisha kadi ya mtandao kwenye kuchukua anwani yenyewe. Hili la mwisho sisi tulilisahau. Wiki mbili baadaye dada alinipigia simu akiwa kazini: laptopu mpya, kebo ya ofisi imechomekwa, taa zinawaka, intaneti hakuna, na wenzake wote wanayo. Nilimwambia aandike ipconfig anisomee. Akasoma tarakimu moja moja mpaka akafika 50, nukta, 2.