Namna ya kumuanza Erykah Badu: ngoma zipi kwanza, zipi zisubiri

Watu wengi hapa Mwanza ukiwatajia neo-soul, yaani ile soul ya kisasa iliyochanganyika na hip hop na jazz, wanaijua On & On, basi, afu akitaka kuendelea anaandika jina la Badu YouTube, anaangukia kwenye wimbo wa dakika kumi au ile albamu ya 2008 ambayo imejaa mavitu, dakika mbili nyingi anasema huyu mama simuelewi na anarudi kwa Bongo Fleva yake. Sio kosa lako mdau. Huyu mwimbaji wa Dallas, Texas, Marekani ana ngoma za mgeni na ngoma za wenyeji, shida hakuna anayekwambia zipi ni zipi. Huu hapa mpangilio ninaowapa watu, ufuate ulivyo kwanza, kubishana tutabishana baadaye.

Kwanza spika. Sisi mtaani sabufa ikishawashwa kitufe cha besi kinazungushwa mpaka kigome, bati la jirani litetemeke, sawa kwa singeli ila Baduizm ukiipiga hivo sauti ya mwimbaji inazama yote unabaki na mvumo tu. Muziki wake tayari umekaa kwenye besi, hauhitaji kusaidiwa. Rudisha katikati, sauti ya wastani, ukiwa na earphone ndo vizuri zaidi. Na kama nyimbo unarushiwa kwenye flashi kibandani usikubali zilizokatwa, angalia urefu: Green Eyes, ule wimbo wa dakika kumi, ikiwa na dakika nne umeuziwa nusu.

Haya, anza na Tyrone. Najua watu watasema mbona sio On & On, subiri. Tyrone haikurekodiwa studio, ipo kwenye albamu yake ya laivu ya Novemba 1997, na kwa mtu aliyekulia nyumba inayopigwa taarabu haihitaji mkalimani kabisa, maana ni mpasho: mwanamke kamchoka bwana asiyetoa hela, kila wakipanga kutoka wawili anakuja na washkaji zake, basi anamwambia bora umpigie mshkaji wako Tyrone aje akusaidie kubeba vitu vyako, ila kwa simu yangu hupigi. Wanawake ukumbini wanalipuka kila mstari, kasoro tu hakuna anayepanda kumtunza noti. Sikiliza anavyosubiri kelele zishuke ndo atupe neno linalofuata, yaani anajua kabisa kawashika. Ukianza hapa unagundua mapema kwamba huyu mtu anachekesha, kitu ambacho picha za vilemba virefu na vijiti vya ubani zinakuficha.

Ukishacheka, rudi Baduizm ya Februari 1997, albamu ya kwanza. On & On iliyompa Grammy unaijua, ipige mara moja upite. Kaa kwenye Next Lifetime: mtu yupo kwenye mahusiano yake, anakutana na mwingine anayemfaa kweli, hachepuki, anamwambia tutaonana maisha yajayo. Video yake pia itafute, inaanzia Afrika ya zamani, inakuja 1968, inaishia 3037, watu walewale wanaendelea kukosana. Afu Otherside of the Game, ya mwanamke mwenye mimba ambaye bwana wake anaingiza hela kwa njia zisizo halali, na yeye anampenda na anaogopa kwa pamoja. Hamhukumu mtu, na mi naona ndo wimbo bora wa albamu nzima, wanaosema Appletree tuheshimiane tu.

Sasa Mama's Gun, 2000. Hapa usirukeruke. Hii ilirekodiwa kwa sehemu kubwa studio ya Electric Lady, New York, kipindi kilekile wanamuziki kina D'Angelo, Questlove, James Poyser na mtengeneza biti J Dilla wanaingia na kutoka humo, na unasikia kabisa kwamba ni watu wamekaa chumba kimoja wanapiga vyombo. Didn't Cha Know biti ni ya J Dilla, kachukua kipande cha bendi ya Tarika Blue akakizungusha mpaka ukasahau kinaanzia wapi. Bag Lady ni ya dada aliyebeba mabegi mengi mpaka basi litamwacha, na ukishawahi kuona mtu stendi ya Nyegezi asubuhi na mabegi manne, ndoo na mtoto mgongoni hauhitaji maelezo, ila mabegi yenyewe ni machungu ya mahusiano yaliyopita. Angalizo: zipo Bag Lady mbili. Ile iliyotoka kama singo inatembea kwenye biti ya Xxplosive ya Dr. Dre, ya kwenye albamu imepigwa tofauti na imetulia. Sikiliza zote, mi ya albamu ndo naipenda.

Green Eyes iache mwisho wa siku hiyo. Inaanza kama santuri ya zamani inayokwaruza, anakataa kwamba ana wivu, halafu inabadilika mara mbili mpaka anakubali mwenyewe kwamba ameumia. Hii sio ya kwenye daladala ya Igoma konda anapiga bodi. Kama una safari ya Bukoba na meli, iweke usiku taa za Mwanza zikishapotea, mtandao utakuwa umekata kwa hiyo pakua kabla hujapanda.

Baada ya hapo ndo uko huru. Window Seat ya 2010 wimbo mtamu, ila video usiiangalie sebuleni wakwe wakiwepo, anatembea akivua nguo mpaka mwisho pale Dealey Plaza, Dallas, alipopigwa risasi Rais Kennedy 1963, na alipigwa faini kweli. You Got Me yuko na kundi la hip hop la The Roots, kile kiitikio aliandika mwimbaji Jill Scott, kwa hiyo ukiipenda umeshapata wa kumfuata. New Amerykah ya 2008 sasa ndo uifungue, ingia kwa Honey kwanza, kisha Telephone aliyomwimbia J Dilla baada ya kufariki 2006, yale mavitu mengine yatakuja yenyewe.

Na bando likibaki, tafuta Hello ya 2015. Anaimba na André 3000, baba wa mwanae wa kwanza, ambaye wengi wanaamini ndo anayeliliwa kwenye Green Eyes, na ambaye mwaka huohuo wa 2000 alitoa Ms. Jackson na kundi lake la Outkast akimuomba radhi bibi wa mtoto, yaani mama yake Badu. Mradi wenyewe unaitwa But You Caint Use My Phone. Ndio, ni ile simu ya kwenye Tyrone.