Kumwandikia kiongozi hotuba ya pole

Nimewaandikia hotuba wakuu wa wilaya kadhaa, na ya pole ndiyo ngumu kuliko zote.

Anza kwa kufuta. Mama aliyetoka kutambua maiti ya mwanawe hana haja ya kusikia "itifaki imezingatiwa". Salamu za chama nazo zitoke. "Oyee" msibani ni matusi. Kiongozi aseme "poleni sana", anyamaze kidogo, kisha ataje waliofariki na hospitali waliko majeruhi. Idadi iambatane na saa, "hadi saa nne asubuhi hii", kwa sababu itapanda. Baada ya maporomoko ya tope ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, Desemba 3, 2023, idadi ya waliofariki iliendelea kupanda hadi ikapita 80.

Chanzo kielezwe mapema, kwa maneno ya kawaida. Katesh, mji ulio chini ya mlima huo, watu walihofia volkano. Wataalamu wa Serikali walisema ni sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu iliyolowa mvua ikameguka. Usipoyasema hayo kwenye kipaza sauti, WhatsApp itasema yake. Na mtafute mkalimani: huko Hanang kuna bibi wa Kiiraqw au wa Kibarbaig ambaye Kiswahili cha jukwaani kinampita.

Sentensi ambayo watu wanaibeba hadi nyumbani ni ile inayosema nani atalipa gharama. Kule Hanang Serikali ilitangaza kubeba mazishi na matibabu, na kila mtu alielewa. "Tutaangalia namna ya kuwasaidia" haielewi hata aliyeiandika.

Jibu la ombi la msaada likiwa hapana, lisemwe wiki ya kwanza. Tetemeko la Kagera lilikuwa Septemba 10, 2016. Rais Magufuli alipofika Bukoba mwanzoni mwa Januari 2017, alisema wazi kuwa Serikali haitamjengea kila mtu nyumba yake, bali itashughulikia miundombinu ya umma. Wengi walimlaumu kwa ukali. Mimi sina ugomvi na jibu lenyewe. Ugomvi wangu ni tarehe. Karibu miezi minne watu walikuwa wakisikia michango ikitangazwa, na kila mmoja ameshajijengea nyumba kichwani.

"Ni mapenzi ya Mungu" waachie shehe na mchungaji. Akilisema kiongozi, mwenye kulala nje atasikia kwamba Serikali imejivua.

Mwisho weka jina la ofisa atakayebaki kijijini, na namba yake ya simu. Tarehe ya kiongozi kurudi iandike tu kama gari na mafuta vimeshapangwa.