Shika saa za sala kwanza

Ukianza riwaya ya upelelezi ya Zama za Kati, mfano The Name of the Rose ya Umberto Eco, usihangaike mapema na majina ya watawa. Ni mengi na utayazoea. Shika saa zao za sala. Ndizo zinazokuambia nani alikuwa kanisani na nani hakuonekana. Eco amezigawa kwazo siku zake saba za Novemba 1327, katika abasia (makao ya watawa) ya kaskazini mwa Italia.

Sisi tunaohesabu saa tangu asubuhi tuna nafuu na majina ya sala hizo: Prima ni saa moja, Tertia saa tatu, Sexta saa sita, Nona saa tisa. Masifu ya jioni, yaani sala ya jioni, huja jua likielekea kuzama. Ila usipige hesabu ya dakika, kwani mchana wa baridi Ulaya ni mfupi na saa zao zilifupika nao.

Ziandike kwa penseli kwenye kikaratasi unachoalamishia ukurasa. Ukikuta kiti cha mtawa kitupu kwenye sala ya alfajiri, rudi nyuma uangalie aliyemwona mara ya mwisho ni nani.